Mi ya Katikati: Ngazi za Sauti na Nota kwa Anayeanza Udi Al Amerat

Kabla hujafungua kitabu cha nota, imba. Chagua wimbo mmoja uliokua nao, ule bibi yako aliokuwa akiuimba huku akikuna nazi. Uimbe mpaka mwisho, kisha ishikilie sauti ya mwisho. Utaona koo limetulia kama mtu aliyefika kwao. Sauti hiyo ndiyo kituo cha wimbo. Sasa uimbe tena na uukate katikati ya mstari. Moyo haukubali, unataka kuendelea. Ukiuhisi mvuto huo, ujue ngazi ya sauti unayo tayari. Kilichobaki ni kuvijua vidato vyake kwa majina na kuviandika.

Nakuandikia wewe unayeishi hapa Al Amerat, nyuma ya milima ya Maskati, ambaye nyumbani mnazungumza Kiswahili, skuli umesoma Kiarabu, na sebuleni kuna udi wa kurithi au wa kununua juzi. Wazee wetu wengi walirudi Oman kutoka Unguja na Pemba baada ya 1964, na zaidi tangu 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo. Walikuja na nyimbo kichwani, si kwenye karatasi. Na nyimbo hizo zilikuwa zimeshasafiri kabla yao. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alileta wapigaji kutoka Misri na akampeleka Mohamed Ibrahim huko huko Misri kujifunza kupiga ala ya kanuni. Mwaka 1905 Unguja ikapata chama chake cha taarabu, Ikhwani Safaa, ambacho jina lake wazee wetu wanalitaja mpaka leo.

Nakutajia haya kwa sababu moja. Vitabu vingi vya nota na programu nyingi za simu vitakuanzisha na piano, na piano haina sauti zote zilizomo katika nyimbo za bibi yako. Ukianza nayo peke yake, sikio lako litazoea kuona kasoro mahali ambapo hapana kasoro. Kwa hiyo tuanze na uzi.

Chukua rula

Pima uzi wa udi wako kutoka kizingiti cha juu, pale nyuzi zinapotokea vigingini, mpaka kwenye daraja zilipofungwa. Nyudi nyingi za Kiarabu zina takriban sentimita 60, nami nitahesabu kwa 60. Wako ukiwa mfupi au mrefu kidogo, punguza au ongeza kwa kiwango hicho hicho.

Piga uzi mtupu. Kisha ubonyeze katikati kabisa, sentimita 30 kutoka kizingitini, upige tena. Umesikia sauti ile ile, ila iko juu. Mwanamume na mtoto wakiimba wimbo mmoja pamoja huachana kwa umbali huo, na hakuna anayesema wanaimba nyimbo mbili. Umbali huo unaitwa oktava. Ukibonyeza sentimita 20 kutoka kizingitini, yaani theluthi ya uzi, unapata kidato cha tano. Tazama mahali kidole chako kilipo: katika nyudi nyingi ni pale pale shingo inapokutana na tumbo. Fundi hakuiweka hapo kwa kubahatisha. Ukibonyeza sentimita 15, robo ya uzi, unapata kidato cha nne. Nusu, theluthi na robo ndizo nguzo za ngazi karibu zote utakazokutana nazo, iwe Cairo, London au Dodoma.

Vidato vilivyo katikati ya nguzo ndivyo vinavyotofautisha ngazi moja na nyingine. Kuvipima tunatumia nusu sauti. Oktava moja imegawanywa katika nusu sauti 12, na nusu sauti mbili hufanya sauti moja kamili. Funguo za piano, nyeupe na nyeusi pamoja, zimepangwa hivyo: kutoka ufunguo mmoja hadi jirani yake, mweupe au mweusi, ni nusu sauti.

Majina unayajua kutoka skuli: do, re, mi, fa, sol, la, si, kisha do ya juu. Wenzetu waliosoma kwa Kiingereza husema C, D, E, F, G, A, B, na do ndiyo C. Tahadhari moja tu. Ukipata jirani kutoka Kenya au Tanzania bara aliyelelewa kwenye kwaya ya kanisa, yeye huenda alifundishwa do inayohama: popote wimbo unapoanzia ngazi yake, hapo ndipo do. Mtindo huo wa sol-fa ulienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, na umewasaidia waimbaji wengi wa Afrika Mashariki. Sisi hapa do yetu haihami. Mkikaa pamoja, kubalianeni kwanza, la sivyo mtagombana bure na nyote mko sahihi.

Vidato saba, na kile cha tatu

Anza na ngazi rahisi, ile Waarabu wanayoiita Ajam na Wazungu wanaita meja. Kutoka do hadi do ya juu unapanda hivi: sauti moja, moja, nusu, moja, moja, moja, nusu. Kwenye uzi wa do wa sentimita 60, re iko sentimita 6.5, mi 12.4, fa 15, sol 20. Zichore kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kirefu na ukiweke kando ya shingo. Usiuchore udi wenyewe.

Sasa fika kwenye mi na ukirudishe kidole nyuma kidogo kidogo kuelekea vigingi, huku ukipiga. Ukifika sentimita 9.5 umepata mi flati, iliyoshuka nusu sauti, na ngazi inageuka ya huzuni. Hiyo ni njia ya Nahawandi. Lakini usikimbilie huko. Simama njiani, kwenye sentimita 11.

Piga do, re, kisha hiyo ya sentimita 11, kisha fa, sol. Rudia mara kumi. Haina furaha ya wazi kama Ajam wala majonzi ya Nahawandi. Ina uzito na utulivu wake, na nina hakika umeshaisikia maelfu ya mara, redioni, harusini, na katika visomo vya makarii wa Misri, ambao hufundishwa maqamu, yaani ngazi hizi, kwa majina haya haya. Hii ndiyo mi ya katikati, iliyoshuka robo sauti. Kutoka re hadi hapo ni robo tatu za sauti, na kutoka hapo hadi fa ni robo tatu tena. Piano haina ufunguo wake. Wanamuziki wa zamani waliita kidato hiki sika, kutoka Kiajemi, maana yake mahali pa tatu, kama dukah ilivyo mahali pa pili na jaharkah mahali pa nne.

Ngazi yenye mi hiyo na si ya namna hiyo hiyo ni Rasti, mama wa maqamu. Vidato vyake: moja, robo tatu, robo tatu, moja, moja, robo tatu, robo tatu. Tazama umbo lake. Ni ngazi fupi mbili zinazofanana, do hadi fa na sol hadi do, zilizotenganishwa na sauti moja. Ukishika ya kwanza umeshika na ya pili.

Kwenye udi uliofungwa kwa mtindo wa Kiarabu unaotumika sana, kutoka uzi mnene hadi mwembamba do, fa, la, re, sol, do, Rasti inakaa vizuri mkononi. Do ya kuanzia ipate kwenye uzi wa la, sentimita 9.5. Re ni uzi mtupu. Mi ya katikati iko kwenye uzi huo wa re, sentimita 5, na fa sentimita 9.5. Sol ni uzi mtupu, la sentimita 6.5, si ya katikati sentimita 11, na do ya juu ni uzi mwembamba mtupu. Panda taratibu, shuka taratibu. Kila siku robo saa ya Rasti peke yake kwa muda wa wiki mbili, usiguse maqamu nyingine. Ninawajua watu waliojifunza maqamu kumi kwa mwezi mmoja na mpaka leo hawana hata moja inayosimama.

Ukiwa na programu ya kutunia kwenye simu, itumie kukagua nyuzi tupu. Huko la ya kawaida ni mitetemo 440 kwa sekunde, na nusu sauti imegawanywa senti 100. Mi ya katikati itaonekana takriban senti 50 chini ya mi, na simu itakuonyesha rangi nyekundu kana kwamba umekosea. Ipuuze. Hata hiyo 50 yenyewe si sheria: Waturuki na wapigaji wa Sham huiweka juu kidogo kuliko Wamisri, na katika Kongamano la Muziki wa Kiarabu la Cairo mwaka 1932 wataalamu walibishana sana juu ya kuigawa oktava katika robo 24 zilizo sawa. Kwenye karatasi robo zinakuwa sawa. Kwenye udi zinamfuata anayekuimbisha, na mwalimu wako awe sauti ya mzee kabla ya kuwa simu.

Baada ya Rasti, nenda Bayati, kwa sababu nyimbo nyingi sana za Kiarabu zimo humo. Anzia re: re, mi ya katikati, fa, sol, la, si flati, do, re. Sauti zake karibu zote umeshazishika. Kilichobadilika ni kituo. Hapa ndipo wengi wanapofunguka macho: maqamu si orodha ya sauti tu, ni mahali pa kutulia na njia ya kufikia hapo. Kisha Hijazi: re, mi flati, fa shapu (fa iliyopanda nusu sauti), sol. Kutoka mi flati hadi fa shapu ni mruko wa sauti moja na nusu, na mruko huo ndio unaoleta ile hamu inayomgusa hata asiyejua muziki. Hijazi piano inaiweza. Nahawandi pia, Ajam pia, na maqamu nyingine iitwayo Kurdi pia. Rasti na Bayati haiziwezi, na hizo ndizo mbili ambazo mwanafunzi wa udi hawezi kuzikosa.

Mistari mitano

Sasa karatasi. Chora mistari mitano ya kulala, yenye nafasi nne katikati yake. Nota ni kiduara kinachokaa ama juu ya mstari ama ndani ya nafasi, na kila hatua, mstari kwenda nafasi, ni kidato kimoja. Mwanzoni kabisa pana alama iliyojipinda kama sikio. Huo ni ufunguo wa sol, na tumbo la pindo lake linauzunguka mstari wa pili kutoka chini kukuambia kwamba mstari huo ni sol. Ukishaijua sol, nyingine zote unazihesabu. Mistari kutoka chini ni mi, sol, si, re, fa. Nafasi ni fa, la, do, mi. Do ya kuanzia haina pa kukaa, kwa hiyo hutundikwa chini kwenye kimstari chake kidogo. Muziki wa udi huandikwa oktava moja juu ya unavyosikika, ili usijae vimstari hivyo.

Shapu hupandisha nota nusu sauti, flati huishusha nusu. Kwa robo, Waarabu wameongeza alama mbili: flati iliyokatwa kwa kistari ni kushuka robo, na shapu yenye mti mmoja badala ya miwili ni kupanda robo. Kwa hiyo ukiandika Rasti ya do, weka flati iliyokatwa mwanzoni mwa mistari, kwenye si na kwenye mi, na hutahitaji kuirudia mbele. MuseScore, programu ya bure ya kuandikia nota kwenye kompyuta, inazo alama hizi. Lakini miezi mitatu ya kwanza andika kwa mkono.

Nota husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Maneno ya Kiarabu yakiwekwa chini yake lazima yakatwekatwe silabi na kupangwa kinyume cha mwendo wake, kazi inayosumbua hata waliosomea. Kiswahili hakina taabu hiyo. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwa vokali, na mtu wetu yeyote aliyewahi kutunga shairi ameshazoea kuzihesabu, anaziita mizani. Nane na nane kwa mstari mmoja wa shairi.

Hebu tulitumie hilo. Chukua sentensi ya kawaida: "Nimekuja kwako leo." Ni-me-ku-ja-kwa-ko-le-o, mizani nane. Ili tuiandike tunahitaji urefu wa nota. Nota nzima, kiduara kitupu kisicho na mti, huchukua mapigo manne. Nusu, kiduara kitupu chenye mti, mapigo mawili. Robo, kiduara cheusi chenye mti, pigo moja. Thumuni, cheusi chenye mti na mkia, nusu ya pigo. Waliokaa Unguja hawahitaji kufafanuliwa thumuni ni kiasi gani.

Piga makofi manne sawasawa, kama mwendo wa mtu asiye na haraka. Hiyo ni baa moja ya nne kwa robo, na huandikwa 4 juu ya 4 mwanzoni. Sasa sema ile sentensi mizani mbili kwa kila kofi: nime, kuja, kwako, leo. Sikiliza: ku, kwa na le zimeangukia kwenye kofi, na hizo ndizo silabi zenye mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na mpangilio huu umeiheshimu. Ungeanza nusu pigo nyuma, mkazo ungeangukia ja na ko, na msikilizaji angesikia maneno ya mtu asiyekijua Kiswahili. Kosa hilo lipo katika nyimbo nyingi zilizopachikwa maneno juu ya lahani ya kigeni. Ukijifunza nota kwa Kiswahili, huu uwe mtihani wako wa kwanza kila unapoandika.

Zipe sauti. Ni kwenye do, me kwenye re, ku kwenye mi ya katikati, ja kwenye fa, kwa kwenye sol, ko kwenye fa, le kwenye mi ya katikati, o kwenye re. Thumuni nane, baa moja imejaa. Chora mstari wa kusimama kuifunga. Umeandika muziki. Iimbe, utaona imebaki juu, inangoja jawabu, kwa sababu re si kituo cha Rasti. Tunga mwenyewe mizani nane za kujibu na uhakikishe ya mwisho inatua kwenye do.

Si kila wimbo unakwenda kwa manne. Nyimbo nyingi za pwani zina mwendo wa sita, thumuni sita zilizofungwa tatu tatu, 6 juu ya 8, kama mdundo wa kumbwaya. Kujua tofauti usitazame karatasi, tazama mabega ya wanaocheza. Wakiyumba kwa tatu tatu, ni sita. Ngoma ya dumbaki nayo ina lugha yake: dum katikati ya ngozi, tak pembeni. Ukiweza kuusema mdundo kwa dum na tak bila kukwama, ndipo uandike.

Mambo ya hapa petu

Kiangazi cha Maskati joto hupita nyuzi 40, na ndani ya gari lililofungwa huzidi hapo. Usiuache udi garini hata ukishuka kununua mkate. Gundi inalainika na daraja linaweza kung'oka. Kiyoyozi nacho hukausha mbao. Usiutundike ukutani mkabala na upepo wake, na usiku urudishe ndani ya mkoba. Nyuzi zitashuka au kupanda kila siku, na hilo si ubovu. Tunia kwanza, kisha ndipo uanze zoezi, maana Rasti kwenye udi usiotuniwa ni sumu ya sikio.

Majlisi zetu nyingi zina vigae sakafuni na dari refu, sauti inarudi kama pangoni. Fanya mazoezi katika chumba chenye zulia na mapazia, vinginevyo hutasikia robo sauti, utasikia mwangwi wake.

Na usibaki peke yako. Ukiteremka Maskati mjini, kuna chama cha wapenzi wa udi kilichoanzishwa mwaka 2005, kuna Royal Oman Symphony Orchestra iliyoundwa mwaka 1985 kwa vijana wa Kiomani, ambao wengi walianzishwa nota tangu mwanzo, na kuna Royal Opera House iliyofunguliwa Oktoba 2011, ambako mara kwa mara hupigwa muziki wa Kiarabu pia. Ukipata safari ya Unguja, pita Dhow Countries Music Academy, inayofundisha tangu 2002. Pale utakuta wanafunzi wa taarabu wanasoma mistari mitano na maqamu kwa pamoja, bila kimoja kukifukuza kingine.

Lakini kazi kubwa iko nyumbani. Rekodi ya simu huihifadhi sauti ya bibi, haimwezeshi mpiga fidla, mpiga kanuni na mpiga nai kukaa pamoja wapige wimbo wake kesho. Nota zinawezesha. Basi ukishaandika Rasti kwa mkono na sentensi yako ya mizani nane, mwendee bibi, au babu, au shangazi, baada ya Alasiri akiwa ametulia. Muombe wimbo mmoja tu. Mrekodi, usimsahihishe, usimwambie ameteleza anapoiimba mi yake chini kuliko ya simu yako. Tafuta kituo kwanza, kisha hesabu mizani, kisha weka nota ya kila mizani, baa moja kwa siku ikibidi. Tumia penseli. Na juu ya karatasi, kabla ya ufunguo wa sol, andika jina lake, mji aliojifunzia wimbo huo, na nani alimfundisha.